Kioo na Idara ya Maji

Mafundi wote wa ujenzi humwita Kioo, na ukiwauliza kwa nini, watakushika mkono wakupeleke ukaone ukuta. Si kwamba mzee anapenda kujitazama. Hata kitana hana. Ni plasta yake. Ikishakauka unaweza kupitisha kiganja kutoka mlangoni mpaka kwenye kona usikutane na punje hata moja ya kukuchokoza. Miaka thelathini na moja amepiga plasta, na katika miaka yote hiyo hakuna mwenye nyumba aliyewahi kumrudia akamwambia, "Fundi, njoo uone ufa." Wenzake walimwonea wivu. Nami siwalaumu, maana mtu akisifiwa kila siku na wewe upo unasikia, inachosha.

Sasa huyo huyo Kioo alisimama asubuhi moja nje ya nyumba mpya ya binti yake, kikombe cha chai mkononi, akaona nyufa. Sikusema ufa, nimesema nyufa. Nyembamba, nyingi, zimeanzia chini ya dirisha la sebule, zikapita chumba cha kulala, zikakata kona na kuendelea upande wa pili bila kuomba ruhusa ya mtu. Plasta yenyewe ilikuwa na wiki tatu tu. Aliyeipiga ni yeye, kwa mikono yake, bila kumwachia mwingine hata kipande cha upana wa sahani.

Ungedhani angeshika kichwa. Wapi! Alikunywa chai mpaka mwisho, akaenda bombani akasuuza kikombe, akakifunika juu ya jiwe, akarudi kutazama tena. Nyufa zilikuwa pale pale. Akasema, "Haya," akaingia ndani.

Ili uielewe hiyo "haya" lazima nikuambie habari za mkewe, nami nitazisema kwa kifupi kwa sababu zenyewe zilikuwa fupi. Jumatatu alisema kichwa kinamgonga. Jumanne walimpeleka hospitali, wakaambiwa ni presha. Alhamisi, jua halijawa kali, ilikuwa imekwisha. Akazikwa kwao, safari ya siku nzima kwa basi. Kioo alisimama kaburini macho makavu kabisa. Ndugu walimpa pole, akawajibu "Nimeshapoa," kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, sauti ile ile, kama mtu anayeitikia salamu za njiani. Shangazi mmoja mwenye mdomo akanong'ona kwamba huyu mwanamume ana roho ngumu.

Hana roho ngumu, shangazi. Umewahi kuukalia mguu wako mpaka ukafa ganzi? Unaugusa, unajua ni wako, lakini hauna habari na wewe. Ndivyo alivyokuwa, mwili mzima. Na kulikuwa na neno moja lililomshinda: hakuweza kusema kwamba mkewe amefariki. Wengine walilisema mbele yake, akatikisa kichwa. Kutoka kinywani mwake mwenyewe lilikataa. Ndiyo maana mafundi wenzake hawakupata habari, kwa sababu mtu wa kuwapa habari alikuwa ni yeye.

Na huyo mkewe, nisikufiche, alikuwa nusu ya ile kazi, ingawa hakuna aliyemhesabu. Plasta haiishi kwa kupigwa. Matofali makavu yana kiu. Usipoyalowesha jana yake, yanainyonya plasta maji yake kabla haijashikana nayo. Na ukishaipiga lazima uinyweshe asubuhi na jioni, siku saba, ikomae polepole. Ukiliachia jua, inasinyaa, inapasuka, inaachana na ukuta. Kila fundi anajua hayo. Kioo anayajua kuliko wote. Ila yeye hakuwahi kuyafanya.

Aliyeyafanya ni mkewe. Tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yao alikuwa na kopo lake la rangi, la lita nne, alilolitoboa matundu chini kwa msumari, na kwa kopo hilo alinywesha kila ukuta ambao mumewe aliugusa. Alifika alfajiri na ndoo zake, akafika tena jua linapoinama. Kioo alizoea kumtania mbele ya watu: "Jamani, pisheni, Idara ya Maji imefika!" Naye mama alikuwa na lake: "Mpisheni na bwana matope, asije akawachafua." Watu wakacheka, kazi ikaendelea.

Walikuwa na ishara yao pia, ingawa hawakuwahi kukaa chini wakakubaliana. Kioo akimaliza sehemu yake aliosha mwiko, akaosha ubao wa kusawazishia, kisha akaipindua ndoo yake chini ya ukuta, mdomo chini. Ndoo ikishapinduliwa, ya kwake yamekwisha, yaliyobaki ni ya Idara. Piga hesabu ya jioni za miaka thelathini na moja. Mkono unazoea, kichwa hakiulizwi.

Binti yao, wa pekee, ni mwalimu wa shule ya msingi. Mumewe ni dereva wa lori la safari ndefu. Anarudi nyumbani mara mbili kwa mwezi, vumbi mpaka kwenye kope. Nyumba hiyo wameijenga kwa miaka sita, tofali kwa tofali. Plasta ya ndani Kioo aliipiga mkewe akiwa hai. Ingia uione: sebule, korido, vyumba vitatu, hakuna ufa hata wa kusingizia. Iliyobaki ilikuwa ya nje. Baada ya mazishi binti alimchukua baba yake, akampa chumba cha nyuma, akamwambia, "Baba, hapa ni kwako. Pumzika." Kioo akapumzika siku mbili. Ya tatu akasema, "Mvua hazipo mbali. Nitawapigia plasta ya nje." Binti akaona ni afadhali ashike mwiko kuliko alale chali anatazama dari.

Mchanga ulikuwa umebaki lundo zima pale uani, ule ule uliotumika ndani. Ikakosekana simenti tu, Kioo akaenda kuichukua kwa mwanamke ambaye sote tunamwita Mama Mchanga. Ana uwanja wake ng'ambo ya mji: malundo matatu ya mchanga, kokoto, simenti ndani ya kontena, na kiti cha plastiki anachokikalia kama hakimu. Kila anayejenga anapita hapo, na lile lundo la uani lilitoka hapo hapo. Yeye na mke wa Kioo walikuwa mashoga wa siku nyingi, wa kukaa Jumamosi nzima wakichambua watu.

"Kioo wangu!" akaita toka kitini. "Umepotea! Wifi hajambo?"

Kioo alikuwa anahesabu mifuko. "Hajambo."

"Nisalimie sana. Mwambie nina umbea wa miezi miwili, aje auchukue kabla haujachacha."

"Zimefika," Kioo akasema, akainua mfuko begani.

Wala hakuona kwamba amesema uongo. Neno lilimtoka lenyewe, kama lilivyomtoka kila mara alipoulizwa swali hilo. Njiani hakuwaza kitu.

Akafanya kazi siku sita. Mikono ndiyo iliyofanya. Yeye sijui alikuwa wapi. Alichekecha mchanga, akachanganya, akapanda jukwaa la mbao, akapiga, akavuta ubao, akashusha timazi akaona ukuta umenyooka. Mara mbili tatu aliona plasta inashika haraka mno, imeshakuwa ngumu na yeye hajaivuta vizuri, akasema jua la mwaka huu limezidi. Jioni aliosha mwiko, akaosha ubao, akapindua ndoo, akaingia kula. Siku sita, mara sita. Ndoo ikakaa chini ya ukuta, mdomo chini, na hakuna aliyekuja.

Basi, turudi kwenye nyufa. Siku ile ile alifika Fundi Bati, yule aliyeiezeka nyumba, kuja kukaza mfereji wa maji ya mvua uliokuwa umelegea. Ni mtu mwema, Fundi Bati, lakini mdomo wake hauna breki. Alipomaliza akashuka ngazini, akautazama ukuta, akaugonga kwa mpini wa nyundo. Ko, ko, ko. Ukuta ukaitika utupu.

"Kioo! Hii imeachana na tofali!"

"Naona."

"Plasta yako wewe?" Akagonga mahali pengine, akatega sikio. "Mama yangu! Na huku pia! Kioo, umefanya nini?"

Mtu aliyeitwa Kioo miaka thelathini na moja hawezi kusimama mbele ya Fundi Bati bila jibu. Likamtoka la kwanza lililokuwa karibu.

"Mchanga," akasema. "Mama Mchanga siku hizi anatuuzia udongo."

Loo! Mtu mwingine akisema hivyo ni maneno. Kioo akisema ni hukumu. Fundi Bati alikunja ngazi yake akaondoka na hukumu hiyo, na kabla wiki haijaisha ilikuwa imezunguka kila jengo lenye jukwaa. Wajenzi watatu wakageuza malori yao wakaenda kuchukua mchanga kwingine.

Jumapili simu ya Kioo ikalia.

"Kioo." Leo Mama Mchanga hakusema "Kioo wangu". "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, dada."

"Mchanga wangu una udongo? Mimi ninayesimama mtoni tangu saa kumi na mbili asubuhi, natazama wanavyochota, jembe kwa jembe? Watu wamenikimbia, nikiwauliza wananiambia Kioo kasema. Nikabisha. Nikawaambia Kioo ninayemjua mimi hawezi kunifanyia hivyo. Ulisema?"

Kioo akatazama ukucha wa kidole gumba chake. "Nilisema."

Zilisikika pumzi za Mama Mchanga, pumzi za mtu anayejizuia. Kisha akasema, "Mpe wifi simu. Yeye ana akili zake. Mpe niongee naye."

"Ametoka."

"Akirudi anipigie."

"Haya."

Binti alikuwa mezani anasahihisha madaftari. Kalamu ilisimama. Aliyasikia yote, pamoja na hilo "ametoka". Akamtazama baba yake, baba akatazama dirisha, binti akainamia tena madaftari. Ndani ya nyumba ile mambo yasiyosemwa yalikuwa mengi mpaka unajikwaa.

Nimesema mzee alikuwa amekufa ganzi, lakini hakuwa mjinga, na haki anaijua. Mama Mchanga hana mume, hana shamba, ana ule uwanja na jina lake. Jina hilo ndilo Kioo alilolichukua akajifutia matope. Kama mchanga kweli ulikuwa mbaya, sawa, alisema kweli. Kama haukuwa mbaya, basi ilimpasa aende akalisafishe mbele ya wale wale waliomsikia. Hakulala vizuri. Hilo lilimshangaza, maana siku zote hizo alikuwa analala tu kama gogo.

Asubuhi akachukua mwiko, akaanza kugonga ukuta kwa mpini, hatua kwa hatua, kama daktari anayegonga kifua. Ukuta wa mbele: utupu. Chini ya madirisha: utupu. Pembeni, upande jua linapochwea, hali ilikuwa mbaya zaidi; ukigusa, unga unabaki kidoleni. Akazunguka nyuma. Utupu, utupu, utupu, na ghafla mpini ukapiga ukarudi. Ti, ti. Akadhani amekosea. Akarudia. Ti, ti.

Juu ya mahali hapo lipo tangi la maji, na tangi likijaa, bomba lake la pembeni linadondosha maji ukutani mchana kutwa, kwa sababu mkwe kila akirudi safarini anasema atalirekebisha kesho. Pale yalipopita maji, kipande cha upana wa mlango, hapakuwa na ufa hata mmoja. Plasta ilikuwa ngumu, nyororo, imeng'ang'ania tofali. Kioo akachuchumaa akaipapasa. Mchanga ni ule ule. Simenti ni ile ile. Hata siku ni ile ile. Alikumbuka kwamba siku hiyo kijiti cha jukwaa kilimchoma kwenye kiganja. Kilichokuwa tofauti ni kimoja.

"Baba."

Binti alikuwa amesimama nyuma yake, mkoba wa shule begani.

"Angalia hapa," Kioo akasema bila kugeuka. "Hapa pako sawa."

"Naona, Baba."

"Mchanga hauna kosa."

"Hauna." Binti akasogea karibu. "Ukuta haukumwagiliwa."

Hapo Kioo akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba sauti yake ikapanda. "Mimi simwagilii! Tangu lini mimi nikamwagilia? Mama yako ndiye..."

Akaishia hapo hapo. Mdomo ukabaki wazi, mwiko ukabaki hewani.

Binti akakaa juu ya ile ndoo iliyopinduliwa, na gauni lake la kazini, hakujali. "Nilijua," akasema. "Siku ya pili tu nilijua. Nilikuwa natoka kwenda shule, nikaona ukuta mkavu, umekuwa mweupe. Mimi si nilikuwa nambebea Mama maji tangu niko darasa la pili? Nilijua kabisa."

"Kwa nini hukumwagilia?"

"Kopo ninalo mimi. Wakati shangazi wanagawana nguo zake mimi niliomba kopo, wakanicheka. Liko chini ya sinki. Kila asubuhi nililitoa, nikalishika, nikalirudisha." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono kama mwanafunzi wake. "Niliona nikilijaza maji tu, basi, Mama hayupo kweli."

Kioo akatazama mwiko wake. "Ungeniambia mimi, mwanangu."

"Ningekuambiaje, Baba? Ulikuwa unapindua ndoo vizuri sana."

Kengele ya shule ilisikika kutoka ng'ambo ya barabara, na mwalimu alikuwa amechelewa. Aliondoka akikimbia, doa la matope nyuma ya gauni. Kioo alibaki pale chini ya tangi. Hakulia. Alikaa tu, matone yakimdondokea begani, mpaka shati lote upande mmoja likalowa.

Kisha akaingia ndani, akabadilisha shati, akaenda ng'ambo ya mji.

Ilikuwa ile saa ambayo malori yanatoka mtoni, na uwanjani kwa Mama Mchanga palikuwa na watu: madereva wawili, wapakiaji wamekalia kokoto, wajenzi kadhaa, na Fundi Bati, ambaye hakosekani panapo watu. Walipomwona Kioo mazungumzo yakakatika. Mama Mchanga hakuinuka kitini.

"Dada, za hapa?"

"Za hapa unazijua wewe."

"Nimekuja kusema mbele ya hawa." Alizungumza akiangalia lundo la mchanga. "Nilisema mchanga wako una udongo. Si kweli. Mchanga wako ni safi, ni ule ule nilioutumia ndani, na ndani hakuna ufa. Kosa ni langu. Ukuta haukupata maji. Hata siku moja haukupata."

Watu wakatazamana. Fundi Bati akashika kiuno. Na Mama Mchanga, ambaye alikuwa hajacheka wiki nzima, akahisi mzigo umemshuka kifuani, ulimi wake wa zamani ukamrudia, akapiga paja.

"Haukupata maji! Ukuta wa Kioo! Jamani, kwani Idara ya Maji iligoma?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Utani huo ulikuwa wa Kioo mwenyewe. Hakuna fundi asiyeujua.

"Amefariki," Kioo akasema.

Kicheko hakikukatika mara moja. Waliokuwa mbali hawakusikia, wakaendelea kidogo, wakashtuka wenzao wamenyamaza. Fundi Bati akavua kofia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na la kuongeza.

"Nani amefariki?" Mama Mchanga akauliza, ingawa alishasikia.

"Mke wangu. Amefariki."

"Lini?"

"Kabla ya ile simenti."

Mama Mchanga akainuka, kiti kikaanguka nyuma yake. "Nilikuuliza. Ukaniambia hajambo."

"Ndiyo."

"Nikakupa salamu zake ukazipokea!"

"Ndiyo."

"Jana nimekwambia mpe simu..."

"Ndiyo, dada."

Alikuja mpaka mbele yake. Wapakiaji walidhani atampiga kibao, na angempiga nisingemlaumu. Akamtazama usoni kwa muda, akaona kilichokuwamo, au niseme akaona hamna kitu kilichokuwamo, akafungua leso yake ya kichwani akajifuta uso, halafu kwa leso ile ile akamkung'uta mzee vumbi begani, kama anamwandaa mtoto kwenda shule. "Umbea wangu wote nilimwekea yeye," akasema. "Sasa nitamwambia nani?" Akalia palepale mbele ya lori lililojaa, kwa sauti, bila aibu. Kioo alisimama naye. Macho yake yalikuwa makavu bado.

Kabla ya jioni Fundi Bati alikuwa amelisambaza hilo nalo kila penye jukwaa. Mdomo ni ule ule, safari hii umefanya kazi ya maana. Malori mawili yalirudi kwa Mama Mchanga wiki hiyo hiyo, la tatu likafuata baadaye, dereva wake akijifanya alikuwa amesafiri.

Kazi ya kubomoa plasta ni mbaya kuliko ya kuipiga, kwa sababu inatoka kirahisi pale unapotaka iwe ngumu. Kioo alishika patasi na nyundo, akaing'oa yote. Ilianguka mapande mapande, mengine makubwa kama meza, yakipasukia chini. Mkwe alirudi safarini akaikuta nyumba yake iko uchi, matofali nje, akazunguka mara moja, akasema, "Si kitu, mzee," akavua viatu vya safari akachukua nyundo ya pili. Hakuuliza swali. Ni kijana mwenye adabu, ukiacha lile suala la tangi. Kipande cha chini ya tangi ndicho pekee ambacho Kioo alikiacha, na mkwe alipouliza kama alirekebishe sasa lile bomba, mzee akamwambia aliache.

Jioni ya kuamkia kazi, ua umefagiwa, mchanga umechekechwa, Kioo aliweka vitu vyake chini ya ukuta: mwiko, ubao, timazi, ndoo. Akaishika ndoo akaipindua, mdomo chini. Akaitazama. Halafu akainama akaigeuza tena, mdomo juu, akaenda kuijaza bombani.

Aliporudi alimkuta binti amesimama na kopo. Rangi ya nje ilishachubuka zamani, na mpini wa waya ulikuwa umefungwa kitambaa mahali pa kushikia, kitambaa chenyewe cheusi kwa jasho. Binti akamnyooshea.

Kioo akalipokea. Akalijaza, akayamwaga maji kwenye matofali ya kiunoni, kwa nguvu. Yakagonga yakarudi, yakamlowesha miguu. Binti akacheka kidogo, akaziba mdomo.

"Sivyo, Baba. Mama alianzia juu. Ulipeleke polepole, maji yateremke yenyewe, ukuta unywe."

Fundi wa miaka thelathini na moja akapanda ngazi kama alivyoelekezwa. Akaanzia juu. Kopo likanyesha, maji yakateremka, matofali yakageuka rangi, na ule mlio mdogo wa tofali linalonyonya maji ukasikika. Kwa miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kuusikia. Muda huo siku zote yeye alikuwa ameshaenda kunawa.

"Hii ni ya kesho," akasema toka juu. "Nikishapiga, ni siku saba."

"Mama alikuwa anafanya kumi."

"Kumi?" Akasimamisha kopo. "Kumi za nini? Saba zinatosha, kila mtu anajua. Kote huko alikuwa anafanya kumi?"

"Kila nyumba. Hata zile za mbali, alikuwa anakwenda kwa miguu. Nilimwuliza siku moja, maana nilichoka kubeba ndoo." Binti aliangalia juu, jua la jioni machoni. "Akaniambia, saba ni za ukuta. Tatu ni za jina la baba yako."

Kioo alilishika kopo kwa mikono miwili, akaliegemeza kifuani, maji yakitiririka kwenye shati lake, na hapo ndipo ganzi ilipomwachia. Mguu uliokufa ganzi ukiamka tunajua sote unavyouma. Sasa fikiria ni mtu mzima, kuanzia unyayoni. Ilimuuma. Ilimuuma mpaka ngazi ikayumba, akauegemea ukuta mbichi kwa paji la uso, akalia kwa sauti ambayo binti yake hakuwahi kuisikia tangu azaliwe.

Binti akakimbia akaikumbatia ngazi kwa chini, mikono yote miwili.

"Lia, Baba," akasema. "Nimeishika."